Ndai Imekugonga Voi na Haina Bima? Hizi Ndizo Bima Unaweza Kuunganisha Ulipwe

Picha iko hivi. Uko kwa mathree kutoka Mwatate ukielekea Voi. Lori inatoka kando bila kuangalia, kishindo, vioo, nduru. Unaamka Moi County Referral Hospital ukiwa na mguu umevunjika na simu haina chaji. Siku tatu baadaye unaambiwa lori ilikuwa na stika ya bima iliyoisha miezi miwili iliyopita. Deree ametoweka, mwenye lori hashiki simu. Swali ni moja: nani atalipa?

Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi inapita katikati ya Taita Taveta, na malori hayalali. Ongeza nduthi za mtaani, Probox za kupanda Wundanyi na magari ya kuvuka kwenda Tanzania kupitia Taveta. Ni swali ambalo msee yeyote wa hii kaunti anaweza kujipata nalo, kwa hivyo cheki hii mpaka mwisho.

Marekani wako na jibu, sisi hatuna

Huko Marekani kuna bima maalum ya kukulinda ukigongwa na dereva asiye na bima. Unainunua mwenyewe, na ukigongwa na mtu wa aina hiyo, kampuni yako ndiyo inakulipa majeraha yako. Na kama uko na magari mawili, majimbo mengine yanakubali uunganishe bima za yote mawili. Tuseme kila gari iko na bima ya dola 50,000. Ukiunganisha, unaweza kudai mpaka dola 100,000 kwa ajali moja. Majimbo mengine yamekataza hiyo stori kabisa.

Uingereza nao wako na njia yao. Tangu 1946 kuna shirika linaloitwa Motor Insurers' Bureau, ambalo linalipa watu waliogongwa na madereva wasio na bima. Pesa inatoka kwa kampuni za bima zenyewe.

Kenya? Sheria yetu ya bima ya magari, Sura 405, haikuweka mfuko kama huo. Ukigongwa na gari isiyo na bima, hakuna ofisi utaenda na plasta mguuni wakuandikie cheki. Ndiyo maana kuunganisha bima ni muhimu zaidi kwetu kuliko kwao. Huku unaunganisha vitu tofauti kabisa: bima ya gari yako, bima ya ajali binafsi, SHA, bima ya kazini na bima ya gari nyingine iliyochangia ajali. Wasee wengi wako na mbili au tatu kati ya hizi na hawajui.

Kwanza jua thadi pati inalipa nini

Sura 405 inasema gari haifai kuwa barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile tunaita thadi pati. Lakini cheki vile sheria yenyewe imeandikwa, kwa sababu hapa ndipo wengi huchanuka wakiwa wamechelewa.

Moja, bima ya lazima ni ya kifo na majeraha ya mwili pekee. Ndai yako ikipondwa, sheria haikumlazimisha yule mwingine kuwa na bima ya hiyo hasara. Kampuni nyingi huongeza sehemu ya kulipia mali ya mtu mwingine, lakini hiyo ni biashara na iko na kikomo chake.

Mbili, kuna kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hiyo iliingizwa na mabadiliko ya 2006. Korti ikikupa milioni 5, kampuni ya bima inalazimishwa mpaka mita tatu tu, na hizo mbili zingine unamfuata mwenye gari.

Tatu, abiria. Gari inayobeba watu kwa malipo, kama matatu, lazima iwe na bima ya abiria. Lakini gari ya kibinafsi hailazimishwi kukatia bima watu ambao imewabeba. Kwa hivyo ile lifti ya beste yako kutoka Wundanyi, au kupanda nyuma ya pikapu ya jirani, inaweza kukuacha bila chochote hata kama stika iko sawa. Kama gari ni yako, uliza wakala wako kama policy iko na nyongeza ya abiria.

Kanuni moja ya kushika kabla hatujaanza kuhesabu

Bima ziko za aina mbili, na ukielewa tofauti hii umeelewa karibu kila kitu.

Aina ya kwanza ni bima ya kurudisha hasara. Inalipa kile ulichopoteza, si zaidi. Bima ya gari iko hapa, na bima ya matibabu pia. Ukiwa na bima mbili za aina hii kwa hasara moja, hulipwi mara mbili. Bili ya hospitali ikiwa 200,000 na SHA ilipe 80,000, bima yako ya kibinafsi inaweza kumaliza 120,000 zilizobaki. Haiwezi kukupa 200,000 zingine ukatembee.

Aina ya pili ni bima ya kiasi maalum. Mlikubaliana tangu mwanzo: ukipoteza mguu, ni kiasi hiki, ukifa, familia inapata kiasi hiki. Bima ya ajali binafsi na bima ya maisha ziko hapa. Hizi ndizo unaweza kupanga moja juu ya nyingine. Ukiwa na moja ya benki, moja ya chama na moja ulijinunulia, zote tatu zinaweza kulipa, mradi hakuna kifungu ndani kinachokataza.

Chunga tu kitu kimoja. Bima nyingi za ajali binafsi ziko na sehemu ndogo ya kulipia matibabu. Hiyo sehemu ni ya kurudisha hasara, kwa hivyo inahesabiwa kama aina ya kwanza.

Bima za kuunganisha, moja baada ya nyingine

*1. Bima kamili ya ndai yako.* Kama uko na komprehensivu, usikae ukingoja yule asiye na bima. Peleka dai kwa kampuni yako, itengeneze gari au ikulipe thamani yake kama imeisha. Utalipa eksesi, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo policy inasema ni yako. Kampuni ikishakulipa, inachukua nafasi yako na kumfuata aliyekugonga. Ndiyo maana hufai kukubaliana naye kisirisiri ukishapeleka dai. Ukimwandikia kwamba mmemalizana, umeifungia kampuni yako njia, na inaweza kukukatalia. Angalia pia kama policy iko na kiasi cha matibabu ya walio ndani ya gari. Huwa ni kidogo, lakini ipo.

*2. Bima ya ajali binafsi.* Hii ndiyo ndugu wa karibu wa ile bima ya Marekani, kwa sababu haijali nani alikuwa na makosa wala kama alikuwa na stika. Umeumia kwa ajali, inalipa kulingana na jedwali lake. Wengi wanayo bila kujua: iko ndani ya mkopo wa sako, ndani ya bima ya shule au chuo, au imefungwa pamoja na komprehensivu kwa ajili ya dereva. Watu wa nduthi, ulizeni chama chenu kama kuna ya kikundi.

*3. SHA na bima ya matibabu.* SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Sheria ya 2023 iliunda pia mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Na kabla hata ya kuongea pesa, Katiba kifungu cha 43 inasema hakuna mtu anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Ukifikishwa hospitali unavuja damu, kitu cha kwanza ni matibabu. Lakini hakikisha umejisajili na malipo yako yako sawa, kwa sababu baada ya dharura kuna kulazwa, oparesheni na kliniki za miezi.

*4. WIBA, kama ulikuwa kazini.* Hii ndiyo inasahaulika zaidi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alipe ukiumia ukiwa kazini, hata kama aliyekugonga ni mtu mwingine kabisa. Wewe ni makanga, turnboi, rider wa kampuni au unapeleka mzigo? Uko ndani. Hata ukiwa kwa gari ambayo mwajiri ameweka kubeba wafanyakazi bure kwenda au kutoka kazini, inahesabiwa kama uko kazini. Fikiria watu wa mashamba ya mkonge, wa hoteli za Tsavo na wa migodi.

Ulemavu wa kudumu kabisa, au kifo, ni mapato ya miezi 96. Mshahara ukiwa 20,000, hiyo ni 1,920,000. Ulemavu ukiwa asilimia 10, ni karibu 192,000. Mwambie mwajiri mapema, kwa maandishi, kwa sababu ukipitisha miezi 12 bila kuripoti haki yako inapotea. Yeye naye ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini baada ya kupata habari. Unaweza bado kumshtaki aliyekugonga, lakini pesa ambayo mwajiri ameshalipa inaweza kuhesabiwa, na anaweza kumdai yule mwingine sehemu yake.

*5. Bima ya maisha na ya mazishi.* Hatutaki kuifikiria, lakini familia ikimpoteza mtu, hizi zinalipa juu ya kila kitu kingine. Cheki kama marehemu alikuwa na ya sako, ya benki, ya kazini au ya chama. Pesa nyingi hukaa bila mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ipo.

Tafuta gari ya pili yenye makosa

Hapa ndipo mawakili wazuri huonyesha kazi. Gari moja haina bima, lakini je, ndiyo pekee ilikosea?

Rudi kwa ile mathree na lori. Wengi wanadhani ukiwa abiria wa matatu, bima ya matatu inakulipa tu kwa sababu ulikuwa ndani. Hapana. Inalipa kama dereva wa matatu alikuwa na makosa, yote au sehemu. Kama lori ndiyo ilikosea asilimia 100, bima ya matatu inaweza kukataa na iko ndani ya haki yake. Lakini kama matatu ilikuwa inaruka spidi, imebeba watu kupita kiasi au ilikuwa inaovateki kwa kona, korti inaweza kugawa lawama. Na sehemu ya matatu ikiwa na bima, hapo kuna mahali pa kuanzia.

Mifano mingine ya kuangalia:

- Trela. Kichwa na trela viko na namba tofauti, na ya trela inaanza na Z. Mara nyingi bima zake pia ni tofauti. Piga picha za zote mbili.
- Lori iliyoharibika ikaachwa barabarani usiku Maungu au Manyani bila pembetatu za onyo. Nduthi isiyo na bima ikipoteza njia kwa sababu yake, mwenye lori naye anaweza kubeba sehemu ya lawama.
- Gari ya kampuni. Unashtaki dereva na mwenye gari pamoja. Dereva anaweza kuwa hana kitu, lakini kampuni iliyomtuma kazi iko na mali.

Ndiyo maana ramani ya ajali ya polisi na mashahidi ni dhahabu. Usiache stori ibaki ile ya "lori ilitugonga" kama kulikuwa na zaidi.

Hesabu ya mfano

Tuseme wewe ni rider wa kupeleka mizigo Voi, umeajiriwa, mshahara 20,000. Unagongwa na pikapu isiyo na bima. Mguu unabaki na ulemavu wa asilimia 10. Bili ya hospitali ni 200,000. Hizi nambari ni za kuonyesha tu, policy yako itakuwa na zake.

- Matibabu: SHA inalipa sehemu, na kilichobaki kinadaiwa WIBA, kwa sababu mwajiri anabeba gharama za matibabu ya jeraha la kazini. Jumla haipiti 200,000.
- Ulemavu chini ya WIBA: 192,000.
- Bima ya ajali binafsi ya chama, ya 500,000, jedwali likisema asilimia 10: 50,000.
- Bima ya ajali binafsi ya sako, ya 300,000, asilimia 10: 30,000.

Umefika 272,000 mkononi na bili imelipwa, na bado hujamgusa mwenye pikapu. Msee mwingine mwenye jeraha lile lile, ambaye hakujua chochote, angeenda home na deni la hospitali. Tofauti yao si bahati. Mmoja alijua bima alizonazo na akadai kwa wakati.

Kumpeleka mwenye gari kortini

Kukosa bima hakumwondolei deni. Unaweza kumshtaki mwenyewe, na jina lake liko kwa rekodi za NTSA ambazo unaomba kupitia eCitizen. Sheria ya Trafiki inachukulia kwamba aliyeandikwa kwenye usajili ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hivyo ile stori ya "niliiuza zamani" lazima ailetee ushahidi.

Dai dogo, mpaka milioni 1, linaweza kwenda Korti ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016, ambayo inafaa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Makubwa yanaenda kwa hakimu. Uliza ofisi ya usajili ya korti ya Voi dai lako linafaa kuanzia wapi.

Saa inakimbia. Kesi ya majeraha iko na miaka 3 tangu ajali. Ya kifo, miaka 3 tangu kufa. Gari ikiwa ya serikali, ni miezi 12 tu. Na kama kuna kampuni ya bima unaishuku, wakili wako atume notisi kwao mapema, kabla ya kesi kuanza. Ikichelewa, kampuni inaweza kukwepa kulipa hata ukishinda.

Gharama lazima uzithibitishe kwa risiti: dawa, magongo, teksi ya kliniki, picha za eksirei. Korti hairudishii pesa ya risiti ambayo haipo. Na tuseme ukweli: ukishinda dhidi ya mtu asiye na kitu, una karatasi tu. Ndiyo maana kesi inafaa kuwa juu ya zile bima zingine, si badala yake.

Ukigongwa na gari ya Tanzania Taveta

Kituo cha Taveta na Holili kilifunguliwa kama kituo kimoja cha mpakani 2016, na barabara ya Voi kwenda Taveta ina magari ya pande zote mbili. Gari ya kigeni inafaa kuwa na bima inayofanya kazi huku. Njia ya kawaida ni Yellow Card ya COMESA, mpango ambao makubaliano yake yalisainiwa 1986. Tanzania ilitoka COMESA lakini inashiriki huu mpango. Kwa Kenya, ofisi ya kitaifa ya Yellow Card iko chini ya Kenya Re.

Kwa hivyo ukigongwa Bura au Maktau na gari yenye namba ya TZ, usikubali iondoke kabla hujapiga picha ya hiyo kadi: namba yake, tarehe na jina la kampuni. Ikishavuka mpaka, kuitafuta ni kazi ingine. Na wewe ukienda Moshi na ndai yako, hakikisha yako iko sawa, kwa sababu thadi pati ya Kenya peke yake haitakusaidia huko.

Na kama ni ndovu?

Hii ni Voi, lazima tuongee. Ndovu hana stika. Ukimgonga usiku karibu na Tsavo, hakuna thadi pati ya kudai. Ndai inategemea komprehensivu yako, na mwili unategemea SHA na bima ya ajali binafsi.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama: milioni 5 kwa kifo, mpaka milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Lakini usichukulie kwamba kila ajali ya gari na ndovu itaingia hapo. Ripoti kwa KWS na polisi, jaza fomu, wacha kamati ya kaunti iamue. Na madai hayo huchukua muda mrefu, kwa hivyo usiyategemee kulipa bili ya leo.

Kampuni ya bima yenyewe ikianguka

Kuna njia ingine ya kugongwa na gari isiyo na bima: stika iko, lakini kampuni imekufa. United ilianguka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya usimamizi 2011, na Invesco, ambayo ilikuwa kubwa kwa matatu, ikafuata 2024. Kwa hali hiyo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Policy, ambao unalipa madai ya kampuni zilizofilisika mpaka kikomo cha shilingi 250,000 kwa dai. Si pesa ya kukumaliza shida, na haulipi kabisa kwa gari ambayo haikuwa na bima tangu mwanzo. Ila ni kiasi kingine cha kuongeza, usikiache.

Vitu vya kufanya siku mbili za kwanza

1. Piga picha: namba za magari yote, stika, trela, alama za tairi, barabara, leseni ya dereva. Kama umeumia, omba mtu akufanyie.
2. Ripoti polisi. Sheria inataka ajali iripotiwe ndani ya masaa 24. Chukua namba ya OB, na baadaye abstrakti. Soma abstrakti palepale: jina la kampuni ya bima na namba ya policy ziko sawa?
3. Thibitisha bima. Vyeti vya siku hizi ni vya kidijitali, na kampuni inaweza kukwambia kama hicho ni cha ukweli. Stika feki ni sawa na kukosa bima.
4. Tibiwa hata kama unajisikia poa, na ujaziwe P3. Jeraha lisiloandikwa ni kama halikutokea.
5. Andika orodha ya bima zako zote: gari, benki, sako, chama, kazi, shule, SHA. Pigia kila moja simu. Nyingi ziko na siku chache za kutoa taarifa.
6. Usisaini kitu wodini. Kuna watu huzunguka hospitalini na fomu wakisema watakusaidia. Wakili wako mchague mwenyewe, na jina lake lithibitishe kwa Law Society of Kenya.
7. Usikubali "tumalizane na elfu tano" kando ya barabara. Mguu unaofura leo unaweza kuhitaji vyuma kesho, na ukishaandika kwamba mmemalizana, karatasi hiyo itakufuata mpaka kortini.

Kabla hata hujagongwa

Kama doo ni kidogo na unachagua kitu kimoja cha kuongeza mwaka huu, fikiria bima ya ajali binafsi. Ni ya bei ya chini kuliko komprehensivu, inakufuata ukiwa kwa mathree, kwa nduthi au kwa miguu, na haiulizi kama aliyekugonga alikuwa na stika. Kabla ya kulipa, muulize wakala maswali manne: Inalipa hata kama niko na nyingine? Inafunika nikiwa kwa pikipiki? Nikifa, jina la nani limeandikwa? Na nina siku ngapi za kuripoti? Akishindwa kujibu, tafuta mwingine. Na kampuni ikikuzungusha na dai halali, malalamiko yanapelekwa IRA, ile mamlaka ya kusimamia bima.

Usiku wa leo, kabla ulale, uliza mathe na mzae wako na bima gani. Uliza sako. Uliza bosi. Andika zote kwa karatasi moja, mpe mtu wa nyumbani akuwekee. Ukiwa wodini bila simu, hiyo karatasi ndiyo itaongea kwa niaba yako.

Tumia mbogi yako hii, hasa beste yako wa nduthi.